Waya wa Ghorofa ya Pili

Sijamsamehe, wala sina haraka ya kumsamehe.

Nimezunguka Bongo nzima. Nimebeba mizigo bandarini, nimeuza viatu Mchikichini, mwisho nikajifunza kuvuta nyaya za mtandao. Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya korido moja ya maduka Kariakoo, ghorofa ya pili. Intaneti iliingia kwa laini moja, mpaka dukani kwa muuza vitenge, mwenyekiti wa wapangaji. Hapo niliweka swichi, kijisanduku chenye matundu, na kutoka kwenye swichi kila duka nikalivutia waya wake. Ni kama uani penye bomba moja na kila mpangaji ana mpira wake: wa kwako ukipasuka, mwenzako anaendelea kuchota.

Siku moja wateja wa mwenyekiti kutoka Lubumbashi wakahamia duka la jirani. Akanisimamisha koridoni, watu wanatazama.

"Huyu anasoma oda zetu humo kwenye nyaya zake, anawapelekea wengine. Mwizi."

Aliyenitetea ni mzee mmoja tu wa duka la viatu, mtu wa pwani. "Mwenyekiti, mteja ana miguu," alisema. Hakusikilizwa. Kariakoo neno mwizi linatembea kuliko wewe. Kazi nilizoahidiwa mitaa ya jirani zikafutika.

Baada ya kung'oa nyaya zangu, mwenyekiti akaunga zake mwenyewe kwa mtindo wa jirani kumgawia jirani: kila duka na kijisanduku chake, la kwanza linapitishia la pili, la pili la tatu, mpaka mwisho wa korido. "Fundi wa nini?" akatamba. Niliposikia, nikatulia. Nilijua Ijumaa inakuja.

Mzee wa viatu, kabla ya kwenda msikitini, huzima meni swichi, umeme wote wa duka lake. Anaogopa moto, na nani Kariakoo haogopi? Kijisanduku chake kikazimika, na maduka yote yanayofuata baada ya lake yakakatika, saa ileile wateja wa mikoani wanatuma oda. Wenye maduka wakamvamia mwenyekiti. Yeye akailaumu kampuni ya intaneti. Mzee akarudi, mtandao ukarudi, Ijumaa iliyofuata yaleyale. Mimi nilikuwa chini kwa muuza kahawa, nasikiliza kelele. Kahawa chungu haijawahi kuwa tamu vile.

Mwishowe mwenyekiti akanipigia. Nilipanda, nikasimama nje ya mlango wake.

"Ingia basi, fundi."

"Mwizi haingii dukani kwa watu."

"Yale tuyaache, kaka."

"Uliyasema koridoni. Yafute koridoni."

Akatoka, akanong'onea sakafu.

"Sijasikia," nikasema.

"Hata mimi," akadakia mzee, "na masikio yangu mazima." Watu wakacheka.

"Hakuiba," mwenyekiti akasema kwa sauti. "Nilimsingizia."

Nikavuta upya, kila duka na waya wake. Lakini ruta, kile kifaa kinachopokea intaneti, na swichi nilizitoa kwake, nikazifungia kwenye sanduku la chuma ukutani, zikala umeme wa korido. Wapangaji wakakubali ufunguo akae nao mzee.

"Na mimi mwenyekiti?"

"Wewe utaomba."

Juzi nilipita pale. Nilimkuta amesimama mlangoni kwa mzee, anasubiri mteja apimishwe viatu ndipo apewe ufunguo akaizime na kuiwasha upya ruta. Mzee hakuwa na haraka. Nikanunua maji, nikaegemea ukuta, nikatazama mpaka chupa ikaisha.