Punda Hayumo Kwenye Wasifu

Baba alizikwa Jumamosi, kwenye shamba letu dogo nje ya mji wa Kajiado, na wasifu wake niliuandika mimi. Hakuna aliyebisha. Mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye niliyesoma chuo kikuu, na kwetu aliyesoma ndiye hukabidhiwa karatasi.

Niliuandika mara kumi na moja. Nakala zote bado ziko kwenye simu yangu, na huzifungua nikishikwa na wasiwasi, yaani kila siku. Katika nakala ya tatu kuna sentensi hii: "Kwa miaka ishirini na miwili aliuza maji Kitengela kwa mkokoteni wa punda." Katika ya nne haipo. Nilikaa saiba, mbele ya kompyuta ya kukodi, nikiitazama, nikawaza wenzangu wa chuo watakaokuja kutoka Rongai, nikawaza watakavyoishika programu ya mazishi, kile kijitabu chenye wasifu, na kutazamana, nikaifuta. Mahali pake nikaandika "mfanyabiashara mashuhuri katika sekta ya maji". Nikajiambia ni kumpa heshima.

Mama aliisoma programu jikoni pole pole, kidole kikifuata mistari. Akaniuliza, "Na punda hayuko?"

Nikamwambia kurasa ni nne tu, nafasi imeisha. Nusu nzima ya ukurasa wa tatu ilikuwa picha ya siku niliyohitimu, mimi na baba, yeye akiwa amevaa ile kofia yangu. Mama aliitazama picha, akanirudishia karatasi.

Haikuwa mara ya kwanza. Nilipoingia kidato cha kwanza, kwenye fomu palipoulizwa kazi ya mzazi niliandika "biashara". Baba aliona alipokuwa anatia sahihi. Alisema ni kweli, kwani yeye hauzi? Kisha akatia sahihi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka uso wake ulivyokuwa wakati ule, na kila mara naukumbuka tofauti.

Kazini alikuwa na sheria moja: punda anywe kwanza. Foleni ya kisimani iwe ndefu namna gani, mteja awe amepiga simu mara tatu, maji yake ya kwanza yalikuwa ya punda. Wenzake walimcheka, wakasema siku moja atamchemshia chai. Yeye aliwajibu kwamba anayebeba maji hafai kuwa na kiu. Nyumbani, yeye alikuwa wa mwisho kunywa.

Wenzake hao walikuja mazishini. Walijua shamba letu ni kavu, kwa hiyo walikodi pikapu, wakaijaza mitungi ya plastiki yenye maji ya kupikia na ya wageni kunawa. Viti vilipoisha walikalia mitungi mitupu, huko nyuma karibu na ua. Katika ratiba nilikuwa nimewapa nafasi ya kuzungumza majirani, kanisa na chama cha mama. Wao niliwasahau. Hapana, nikisema niliwasahau bado nadanganya.

Msomaji alipofika kwenye "mfanyabiashara mashuhuri", mmoja wao aliuliza, si kwa sauti ya chini sana, leo tunazika tajiri gani. Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, na niliwasikia.

Baada ya chakula, mkubwa wao alinijia, mzee wa Kimaasai aliyechota maji kando ya baba miaka yote hiyo. Mama alikuwa amemwachia punda wetu amtunze. Mzee alikuwa ameishika programu kwa mikono miwili.

"Msichana wangu," akasema, "mimi sikuenda shule. Hapa kwa karatasi, ni wapi ameandikwa na punda wake? Niwekee kidole, unisomee."

Ningeweza kumwambia hapo hapo kwamba hakuna. Badala yake niliweka kidole juu ya ile sekta ya maji, nikasoma yasiyokuwepo: kwamba aliuza maji Kitengela kwa mkokoteni, kwamba punda alikunywa kwanza, kwamba wenzake walimcheka naye hakuacha. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Alitikisa kichwa kukubali, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. "Niko na mtoto darasa la tano," akasema. "Huyo atanisomea tena nyumbani."

Kwa wiki mbili nilimwona akilini mtoto huyo, ambaye sijawahi kukutana naye, akitafuta mstari ambao haupo. Mwishowe niliandika nakala ya kumi na mbili, ukurasa mmoja bila picha, nikaenda nayo Kitengela. Nilimkuta mzee kisimani na punda wetu, zamu yake imefika.

"Mtoto alisoma," akasema kabla sijamsalimia. "Punda hayuko."

Nikasema najua.

"Ile ya mdomo ilikuwa nzuri. Mbona hukuiandika?"

Njiani nilikuwa nimeandaa majibu matatu. Niliyaacha yote. Nilimnyooshea ukurasa. Hakuupokea, mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye ndoo.

"Ngoja," akasema. "Anywe kwanza."

Punda aliinamisha kichwa akanywa, akakiinua, akanywa tena, bila haraka. Nami nikasimama pale na karatasi yangu, nikingoja amalize.