Kitanda Kilichoelekea Menengai

Niliporudi nyumbani Nakuru kutoka hospitali ya Nairobi, niliona kwanza kwamba kitanda changu kilikuwa kimegeuzwa. Kilikuwa palepale, kimesukumwa ukutani, lakini mchago ulikuwa umehamia upande wa jua kuchomoza, mahali ambapo miaka yote nilikuwa nikiweka miguu. Niliuliza nani amekigeuza. Mama akasema nilale kwanza, treni imenichosha. Baba akatoka nje kama mtu aliyekumbuka kazi.

Nilikuwa na umri wa kushuku kila kitu. Miaka ya hamsini ilikuwa ukingoni, nilikuwa msichana niliyetaka kuandika vitabu, na moyo wangu ulikuwa umefunguliwa. Maneno hayo nilikuwa nimeyatumia mara nyingi katika mashairi yangu ya siri. Sasa yalikuwa na kidonda, kilichoanzia chini ya titi la kushoto, kikauzunguka ubavu na kuishia mgongoni. Daktari alikuwa ameingiza kidole ndani akakipanua kilango cha moyo kilichobanwa tangu homa ya utotoni. Nilikifikiria sana kidole kile. Nilijiuliza pia damu waliyoniongezea ilikuwa ya nani, na kama mwenyewe alikuwa hai.

Moyo wenyewe haukuuma. Kilichouma ni mbavu. Ziliuma nikicheka, nikijinyoosha kuchukua kikombe, nikivuta pumzi ya kwanza asubuhi. Chafya ilikuwa adhabu kuliko zote, na msimu ule Nakuru ilikuwa mji wa chafya: ziwa lilikuwa limekauka, na upepo wa mchana ulipeperusha vumbi jeupe la magadi mpaka ndani ya masufuria. Nikiihisi inakuja, niliukumbatia mto wa sufi kifuani na kuubana kama mtu anayezuia mlango usivunjwe.

Na usingizi ulikuwa kazi. Nikilala chali nilikosa pumzi. Kushoto kulikuwa na kidonda. Ulibaki ubavu wa kulia, na nikiulalia uso wangu ulikitazama chumba, kisha dirisha, kisha mgongo wa mlima Menengai ukiwa wa buluu kama moshi uliosahau kupanda. Kati yangu na dirisha, kila alasiri, baba alikuja kutoka barazani alikoweka cherehani yake, akatandika msala. Mara ya kwanza nilimtazama akiinama nikaona uzuri tu. Siku iliyofuata nikaona kwamba mimi na yeye tulikuwa tumeelekea upande mmoja.

Kwetu sisi, Waislamu wa mjini, kibla kilikuwa upande wa Menengai. Wazee wetu walitoka pwani na kuukuta mlima huo umesimama palepale walipohitaji kuelekea wakisali. Bibi yangu alipokuwa anakata roho, wanawake walimlaza ubavu wa kulia na kumgeuza atazame huko. Nilikuwa mdogo, lakini nilikumbuka jinsi walivyofanya polepole, wakizungumza mambo mengine, ili asijue.

Basi nikakumbuka Nairobi. Kabla sijatoka hospitali, daktari alimwita baba kwenye ujia, pamoja na mkalimani. Kupitia kioo cha mlango nilimwona baba akivua kofia yake, akaivaa, akaivua tena. Aliporudi aliniambia daktari amefurahi sana. Baba yangu hakujua kusema uongo. Alisema kila neno kwa upole mno.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Supu ilikuwa na nyama nyingi kupita kawaida. Shangazi, ambaye hakuwahi kunisifu, alisifu nywele zangu. Mama alitandika mkeka sakafuni mbele ya kitanda, akachagulia mchele hapo, akakandia unga hapo, na kila nilipofumbua macho nilikuta ananitazama.

Jirani yetu, mke wa mfanyakazi wa reli, mama mnene kutoka magharibi, alikuja na uji wa wimbi. Hakuwa mtu wa kunong'ona. Alitaka kukiona kidonda, nikamwonyesha.

"Wamekushona kama gunia la mahindi," akasema. "Baba yako angeshona vizuri zaidi."

Nilicheka, mbavu zikaniadhibu. Kisha akakitazama kitanda.

"Na hiki, mama, mbona mmekipindua?"

Mama akamuuliza habari za mvua kwao. Sikuwahi kumwona mama yangu akijali mvua ya huko. Nikajua.

Nikaacha kulala kulia. Nilijilaza kushoto juu ya kidonda, nikauma shuka, mpaka bandeji ikalowa na mama akaiona. Akanigombeza. Nikahamia kwenye kiti cha baba, nikasinzia humo nimekaa, kichwa kikianguka na kunigutusha. Niliogopa kwamba nikilala vizuri, nikielekea kule walikotaka nielekee, ningewapa walichokuwa wakikingoja. Miguu ikavimba. Pumzi, ambayo ilikuwa imeanza kurudi, ikaanza kuwa fupi tena. Mganga wa zahanati alikuja, akanipima, akasema kidonda hakina kosa, mgonjwa ndiye hapumziki. Kama hivi ndivyo nitakavyoendelea, alisema, nirudishwe Nairobi.

Alasiri ile baba alipotoa salamu ya kumaliza sala, hakukunja msala. Aligeuka, bado amekaa, akanikuta kitini.

"Mbona hulali, mwanangu?"

"Kwa nini mmenielekeza kibla, baba?"

Mama, aliyekuwa akikanda unga, aliacha mikono ndani ya bakuli. Nilidhani baba atatoka kama siku ile. Badala yake akavua kofia, akaiweka gotini.

"Daktari alisema wiki za kwanza moyo unaweza kusimama wenyewe, ukiwa usingizini. Hakusema utasimama. Alisema unaweza. Sikutaka ikukute umetazama ukuta."

"Nyamaza, baba watoto," mama akasema.

"Ameuliza."

"Basi na mimi niseme." Mama alinigeukia, unga mpaka viwiko. "Yeye alikigeuza kwa sababu yake. Mimi nilimsaidia kukibeba kwa sababu yangu. Hospitali walisema utalala kulia tu. Kitanda kikibaki kama zamani nitaona kisogo chako. Kisogo hakinionyeshi kama unapumua."

Nilimuuliza baba kama bado anafikiri moyo wangu utasimama. Nilitaka aseme hapana upesi. Yeye alinichunguza kama nguo aliyoletewa kuitengeneza.

"Kwanza nilifikiri," akasema. "Lakini tangu juzi umenuna, unatugombanisha, unang'ang'ania kiti changu. Anayekufa hana nafasi ya kununa hivyo."

Mama alicheka kwa pua, akarudia unga wake. Mimi sikucheka, nilikuwa bado ninampima, ninatafuta ule upole wake wa uongo. Sikuuona. Alikuwa amechoka, na alikuwa anakitaka kiti chake.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi, na usahihi wangu haukuniua. Jambo nililoambiwa lilikuwa dogo kuliko lile nililolitunga mwenyewe kitini: lilikuwa na "huenda" ndani yake, na wiki zenye mwisho. Nilisimama, nikaushika mchago, nikajishusha ubavu wa kulia. Baba aliuliza kama nataka kigeuzwe. Nikamwambia akiache, nimechoka.

Mbavu zilitulia moja baada ya nyingine. Nje, Menengai ulikuwa umeingiwa na kivuli cha wingu. Niliwasikia wakibishana kama chapati zingojwe niamke au waanze kula. Mama alisema wangoje, baba alisema mgonjwa huyu anaweza kulala mpaka kesho, na yeye ana njaa. Nilitaka kuwaambia wanibakizie mbili. Sikuwahi, usingizi ulikuwa umeshanichukua.