Vifungo Visivyo na Matundu

"Dada, limekuwa kubwa tena."

Fundi cherehani aliinua macho. Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya kioo cha duka, gauni linamning'inia, uso unang'aa kama wa mtu aliyeletewa posa.

"Naona," fundi alijibu, pini zikiwa midomoni. "Simama wima. Acha kujizungusha kama pia."

Lilikuwa gauni la nne kupunguzwa. Kila alipolibana, fundi alihisi anabanwa yeye kifuani.

Walizaliwa wanene, watoto wa mama mnene. Mtaani waliitwa Meza na Kabati, naye fundi, aliyekuwa mkubwa, ndiye Kabati. Watu hawana haya: humcheka mnene kana kwamba aliuomba ule mwili dukani. Walicheka hata mama yao alipokuwa hai. Alipoanguka jikoni kwa kiharusi asiinuke tena, mabinti wake walishikana mikono wakaenda kliniki.

Daktari alipima damu za wote wawili. Mdogo alikutwa na kisukari pamoja na unene, akapewa sindano ya kujichoma tumboni kila wiki, ishushe sukari na kumkata hamu ya kula. Mkubwa hakuwa na sukari, ila mafuta kwenye damu yake yalikuwa mengi mno. Akapewa kidonge cheupe cha kumeza kila usiku, akaambiwa atembee na apunguze vya kukaanga.

Sasa fundi huyu hakuamini kitu kisichopimika kwa tepu. Tepu ndiyo iliyomlisha, ikamsomeshea watoto. Kwa hiyo kila alipofunga duka alijizungushia kiunoni, akasoma. Ilikuwa palepale. Wiki zikapita, palepale. Kiuno cha mdogo wake kilikuwa kinapungua kama mshumaa.

Na sifa zikahamia huko. Wateja walioleta nguo zao waliacha kuuliza zitakuwa tayari lini, wakauliza, "Yule mrembo ni nani?" Hata mume wake fundi, mtu mpole asiyesifu hata chai, siku moja alimpokea mlangoni mdogo mtu kwa kicheko: "Shemeji, siku ya upepo usitoke bila jiwe mfukoni!"

Fundi alicheka nao. Kicheko cha meno tu.

Usiku ule hakumeza kidonge. Cha nini, dawa isiyopunguza hata upana wa kidole? Lakini mumewe alikuwa na desturi ya kuuliza, "Umeshameza, mama?" Basi akawa anakitoa kwenye karatasi yake, anajibu "Tayari," na kesho yake anakitumbukiza kwenye kopo la vifungo dukani. Daktari alipopima tena damu alikunja uso, mafuta hayajashuka hata chembe, akamwongezea nguvu ya dawa. Vidonge vikubwa zaidi vikaingia koponi.

Kisha lilikuwepo jambo jingine, la siri zaidi. Kila alipopunguza nguo za mdogo wake, hakukata kitambaa kilichozidi. Alikikunja ndani ya mshono, akakilaza vizuri kwa pasi. Aliyeshuka atapanda, alijiambia. Atakuja kuniomba nifumue mshono nimpanulie, nami nitampanulia, tena kwa tabasamu.

"Kifungo cha mkononi kimedondoka," mdogo alisema sasa. "Hapana, kaa, nitatafuta mwenyewe."

"Acha hilo kopo!"

Lakini lilikuwa limeshamiminwa juu ya meza. Mdogo alichambua, akaokota kimoja, akakigeuza.

"Dada, hiki hakina matundu." Akaokota kingine. Na kingine. "Hizi ni dawa zako."

"Zilimwagika."

"Zilimwagika zote, ndani ya kopo? Mimi si mteja wako, usinidanganye. Unataka kumfuata mama?"

Fundi alitema pini kiganjani. "Na wewe unajua nini? Umepewa dawa ya kuonekana, mimi nikapewa ya kufichwa! Wewe unaitwa mrembo, mimi bado Kabati. Kuna aliyewahi kunisifu eti mishipa yangu imetakata?"

"Hayupo," mdogo alisema. "Hata mimi, wa kunisifu mishipa hayupo."

Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi ya vidonge, nusu imeshatumika. Vyeupe, vya duara. Fundi alivitambua kabla havijafika mezani.

"Kila usiku, tangu siku ile ya kwanza," mdogo alisema. "Sindano peke yake haitoshi, mafuta yapo na kwangu. Hukuwahi kuniuliza. Wote mnauliza kiuno tu."

"Hukusema."

"Ningesema nini? Nani anashangilia kidonge? Lakini mama hakuuawa na kiuno, dada. Mshipa uliziba. Tepu yako ingeuona wapi?"

Fundi aliitazama tepu shingoni mwake kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsengenya. Kisha akavikusanya vile vya koponi, akavitupa kwenye ndoo ya vipande vya nguo.

"Kesho tunakwenda kwa daktari," mdogo alisema. "Unamwambia ukweli."

"Atanifokea."

"Afoke. Nitakuwepo."

Jioni, mume alipouliza, "Umeshameza, mama?" fundi hakujibu "Tayari." Alimsimulia yote. Mume akaenda kumletea maji.

Asubuhi, kabla ya kliniki, alilichukua lile gauni, akaligeuza nje ndani, akashika mkasi. Kitambaa kilichozidi upande wa kushoto alikikata chote, kikaanguka sakafuni. Upande wa kulia alisita. Akawaza ule uso wa mdogo wake unaong'aa kiooni.

Akaacha kidogo ndani ya mshono. Upana wa kidole hivi.