Nilimsindikiza Hadi Mlangoni

Nilivuka mpaka nikahamia Nzuguni kujitolea kwenye zahanati, mwaka mmoja baada ya ndoa yangu kuvunjika Nairobi. Marafiki walisema nina moyo wa huruma. Ukweli ni kwamba nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kabla ya kung'olewa jino: mdomo najua ni wangu, ila siusikii. Nilidhani ganzi itapita nikiwa na kazi mikononi. Kazi niliyopewa, mimi mwenye shahada mbili, ilikuwa kuandika majina ya wagonjwa kwenye daftari.

Ng'ambo ya uzio wa minyaa waliishi mama mmoja wa Kirangi, aliyehama kutoka Kondoa, na mumewe. Mzee alishinda kwenye kiti uani. Kila asubuhi nilimwamkia nikipita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Jirani yako."

"Ahaa, Mkenya!"

Kesho yake tena, nani huyo, na kati yetu ni hatua tatu. Nikaamua huo ndio utani wa watu wa huku. Siku moja nikamjibu kwamba mimi ni mkuu wa mkoa. Alicheka hadi akakohoa, nami nikaenda kazini nikijisifu kwamba nimeanza kuwaelewa wenyeji.

Mwezi wa pili zahanati ikatangaza kwamba madaktari wa macho watakuja kwa siku tatu kutoa mtoto wa jicho, bure. Nafasi zilikuwa chache, na majina yalitakiwa kabla ya Ijumaa. Daftari nilikuwa nalo mimi. Hata nyumbani nilirudi nalo.

Wiki hiyo yule mama jirani akaanza kunitembelea jioni. Jumatatu alikuja na karanga mbichi kwenye kanga. Tukanywa chai, tukaongea mvua, mahindi, na kwa nini mimi sili mlenda. Mwisho akasema, "Haya mdogo wangu, ngoja nikuache."

"Haya mama, karibu tena."

Nikasimama mlangoni, nikampungia mkono, nikafunga. Dirishani nikamwona bado amesimama pale nje. Nikadhani anatafuta kandambili zake.

Jumatano akaja tena. Alhamisi tena. Safari hii, akiwa ameshavuka kizingiti, akasema, "Leo nje kuna kaupepo kazuri."

"Kweli mama, na vumbi," nikamjibu, nikafunga mlango vumbi lisiingie.

Nisijifanye sikulelewa, kwetu pia mgeni husindikizwa. Ila nimeishi miaka mingi ghorofani, ambako kumsindikiza mtu ni kumbonyezea lifti. Na huyu kwake ni hatua thelathini. Niliona nikimsindikiza nitakuwa kama ninamwambia amezeeka.

Madaktari wakaja, wakafanya kazi, wakaondoka. Jirani hakuja tena. Wiki mbili baadaye nilimsimulia nesi wetu, naye ni mtu wa Kondoa, jinsi watu wa kwao wanavyoanza urafiki kwa kishindo na kuumaliza kimya kimya.

"Dada, ulikuwa unamsindikiza?"

"Hadi mlangoni."

Akacheka. "Mlangoni! Sasa shida yake angekuambia saa ngapi?"

"Si tulikaa saa nzima?"

"Anywe chai yako, akuombe ukiwa umemkazia macho, utakataaje? Ndani ni salamu. Shida tunaambiana njiani." Akatazama daftari mezani, kicheko kikaisha. "Mzee wake haoni. Hukujua?"

Sikujua. Nilimwambia mimi ni mkuu wa mkoa.

"Si angekuja tu kupanga foleni kama wengine?" nikauliza.

"Apange foleni, na mwenye daftari ni jirani yake? Hayo si matusi hayo?"

Nilisubiri uchungu uje. Haukuja. Niliosha vikombe viwili vya zahanati vilivyokuwa safi.

Jioni nikaenda kwao, nikawaeleza yote moja kwa moja, bila hata kungoja chai. Mzee akasema, "Si neno, Mkenya. Mungu akipenda watarudi." Mkewe naye akasema si neno, akaniletea chai, tukaongea mvua. Nilipoaga alijitanda kanga akatoka nami. Tukapita uzio, tukapita mlango wangu bila kusimama, tukafika barabarani. Hapo ndipo akasema, akitazama mbele:

"Nilikukasirikia sana. Nilimwambia mzee, huyu mwanamke ametuona hatufai."

"Sikujua, mama."

"Nimesikia hukujua. Lakini hasira nimelala nayo wiki mbili, hiyo siwezi kukudanganya."

"Nisamehe."

Tulisogea pembeni kupisha bodaboda.

"Alhamisi nampeleka hospitali mjini," akasema. "Pale ni dirisha hili, mara dirisha lile, na mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Nataka mtu wa kwenda naye. Kama hutaki, sema hapa hapa. Ndiyo maana tumetoka."

Nilijipekua kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Huruma sikuikuta, wala aibu. Nilichokuta ni kwamba Alhamisi nilikuwa na nafasi.

"Nitakuja."

"Si kwa kunifurahisha?"

"Hapana, mama."

"Basi saa kumi na moja alfajiri," akasema, akigeuka kurudi. "Na uvae sweta."