Nesi Ruweida na Saumu ya Bibi

Nesi Ruweida haingii na viatu kwa mgonjwa, wala hakai kwenye kiti anachosogezewa. Hukaa mkekani, chini kuliko mgonjwa, akamsikiliza. Hapa Gando watu humcheka: "Huyu kaja kutibu au kaja kupumzika?" Hajali. Anatoka Konde kwa pikipiki yake, baibui kalifunga kiunoni. Nyumba moja walimfungia mlango usoni, na kesho yake akabisha tena.

Alipokuja kwetu alimkuta bibi yangu, Bi Mwatima, kajikunja kwa maumivu ya saratani ya tumbo, na chupa ya dawa imejaa vilevile.

"Waambaje, bibi? Mbona dawa hunywi?"

"Nimefunga. Nalipa Ramadhani iliyonipita. Wanangu wanasema napona, basi kadha yangu ya saumu niingojee nini?"

Ami Haroub, mwanawe bibi, akamwita nesi uani upesi. Nilikuwa naosha vyombo, nikawasikia.

"Usimwambie kuwa haponi. Utamuua."

"Asilolitaka simwambii. Lakini uongo, kaka Haroub, sisemi. Mamako anateseka mchana kutwa kwa maneno yenu."

"Mie ndiye mwanawe mkubwa!"

"Na yeye ndiye mwenye tumbo."

Ami akasimama mlangoni kumzuia. Nesi hakupandisha sauti, wala hakuondoka.

"Basi twende sote. Umshike mkono. Nikimtisha, nitoe."

Ami akampisha. Ndani, nesi akakaa tena mkekani.

"Bibi, kuna wanaotaka kujua yote, na kuna wanaosema mwambie mwanangu. Weye wataka vipi?"

Bibi akamtazama ami. "Niambie mie. Huyu hata jino likimuuma hulia."

Ami akacheka, na machozi yanamtoka.

"Maradhi haya hatuna tena dawa ya kuyaondoa," nesi akasema. "Siku zako anazijua Mungu. Maumivu tunaweza kuyapunguza, na nitakuwa nakuja."

Hakumwambia bibi asilie. Alingoja tu, mpaka bibi alipojifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kumbe mie si wa kufunga. Asiyetarajia kupona hulisha masikini badala ya saumu. Haroub, kanunue mchele. Na uwe mzuri, si ule wa mapumba."

"Nakwenda, mama."

"Hiyo dawa kwanza," bibi akasema.

Nesi akaipima. Ami akamwinua mamake kichwa, akamnywesha mwenyewe, na jua bado liko juu.