Aikande Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kibaha, niliambiwa nivue viatu. Chumba cha kompyuta kilikuwa na zulia, na vumbi ndilo lililokuwa adui mkubwa wa mashine zile, kwa hiyo tuliingia na soksi, wengine miguu mitupu, tukinong'ona bila kuambiwa tunong'one. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, msichana wa Kilutheri aliyekulia kwenye kwaya, na nilipoona viatu vimepangwa mlangoni nilimkumbuka Musa na kile kijiti kilichowaka moto. Niliamini kabisa kwamba nimeitwa. Ninyi mnaosoma kompyuta siku hizi, mnaofungua mashine kitandani huku mnatafuna karanga, mtanicheka, na haki mnayo.

Mkuu wa Kitengo alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa haraka. Wiki ile nzima hakuniruhusu kugusa kibodi. Aliniagiza niandike programu kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, kisha nimsomee mstari mmoja mmoja, naye amefumba macho utadhani anasinzia. Nikifika penye kosa, aliyafumbua. Siku moja nilimuuliza kwa nini tusiiachie kompaila kazi hiyo. Kompaila ni ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa maagizo ya mashine, na ukisahau hata nukta-mkato moja inakutajia namba ya mstari ulipokosea.

"Kompaila itakwambia umeandika vibaya," alisema. "Haitakwambia umefikiri vibaya. Hilo utaambiwa na mtu, na mara nyingi utakuwa umeshachelewa."

Sikumwelewa, maana niliipenda mno kompaila. Nikirudi nyumbani Mbwawa jioni nilimwomba Mungu naye anitajie dhambi zangu kwa namba za mistari, nizirekebishe upesi, nilale. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na nilidhani imani ni kazi nadhifu.

Miaka ikaenda. Nilipofika umri wa makamo niliacha kazi ile na kuajiriwa na ofisi ya kanisa, Kisarawe. Asubuhi za Kisarawe zina ukungu unaotambaa kwenye mikorosho, na kutoka dirishani kwangu barabara ilikuwa haionekani mpaka saa tatu. Nilikaa ndani ya weupe ule nikiandika programu, na kuna saa ambazo vidole vilikwenda vyenyewe, mstari ukiuita mstari, nikawa sijui kama nafanya kazi au nasali. Sijapata tena furaha ya namna ile, na mara nyingine naiota.

Mchungaji Kiongozi aliniagiza niingize kwenye kompyuta madaftari ya sharika zetu za Kibaha na Kisarawe, yaani ubatizo, kipaimara na ndoa. Katibu wa ofisi, mzee aliyechapa kwa vidole viwili, alinisaidia kuingiza majina. Kwa kuwa mtu mmoja huandikwa kwenye madaftari kadhaa, niliandika programu ya kutafuta majina yanayofanana na kuyaunganisha yawe mtu mmoja. Tarehe zikipishana, programu ilichukulia kwamba mwandishi wa zamani alikosea. Ilimaliza kazi ya miezi kwa dakika chache, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Yale madaftari ya karatasi nikashauri yapelekwe stoo.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Sisi watu wa kaskazini tuliohamia Pwani huwapa watoto majina ya babu na bibi zao, kisha jina la ukoo hufuata. Bibi mwenye wana wanne huweza kuwa na wajukuu wanne wenye jina lake, wote wa ukoo mmoja. Mimi mwenyewe naitwa Tumsifu, na nina binamu wawili Tumsifu. Krismasi mtu akiita jina hilo uani tunaitika watatu. Nililijua jambo hili kuliko mtu yeyote ofisini, na sikulikumbuka hata mara moja.

Alikuwapo msichana wa Mbwawa aitwaye Aikande, mwalimu wa shule ya msingi kule Janga, amechumbiwa. Kabla ya kusoma matangazo ya ndoa, usharika wake wa Kibaha uliomba ofisi ithibitishe kumbukumbu zake. Katibu alifungua kompyuta akakuta Aikande ameshafunga ndoa Kisarawe miaka sita iliyopita. Akajibu hivyohivyo, kwa maandishi, naye alikuwa hana kosa. Matangazo hayakusomwa. Upande wa bwana harusi wakaomba muda wa kutafakari, na kwa vile maneno yana miguu, kufikia Jumatano mtaa mzima ulikuwa unamwita Aikande mke wa mtu.

Habari iliponifikia nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Tulikuwa tumeanza kutumia chombo kinachotunza historia ya kila badiliko: nani amegusa nini, siku gani, kwa sababu gani. Nikakifungua. Binamu wawili wenye jina la bibi mmoja, mmoja wa Kibaha na mmoja wa Kisarawe, walikuwa wameunganishwa, na pembeni pameandikwa Tumsifu.

Nitawaambia ukweli. Ningeweza kuwatenganisha kimyakimya na kusema mzee alichapa vibaya. Kila mtu angeniamini, pengine hata yeye mwenyewe angejiamini mkosaji. Nilikaa na wazo hilo mchana kutwa na liliniliwaza sana. Kisha nikaenda kwa Mchungaji Kiongozi nikamweleza. Hakunikemea. Aliagiza daftari la karatasi litolewe stoo, tukawakuta Aikande wawili kwenye kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri wa wino wa bluu. Akasema nimwendee mwenyewe.

Nilimkuta uani kwao akichambua mchele kwenye ungo. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamweleza bila kuzunguka.

"Kwa hiyo dada Tumsifu, ni wewe uliyeniozesha?"

"Ni mimi."

Aliokota kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Unaweza kulifuta hilo kosa?"

"Naweza kulirekebisha. Kwenye historia litabaki, kwa jina langu."

"Basi Jumapili uje uyaseme kanisani, watu wakiwa wamekaa. Usimtume mchungaji."

Nilisimama Jumapili ile baada ya maungamo. Kila wiki tangu utoto nilikuwa nimekiri dhambi pamoja na wote, kwa sauti moja, na sikuwahi kuona aibu. Siku ile niliikiri moja tu, peke yangu, yenye tarehe. Nilimtaja Aikande, nikamsafisha katibu, nikaeleza nilivyofikiri vibaya. Bwana harusi alikuwapo, na akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia.

Walioana miezi mitatu baadaye. Lakini mama mkwe wa Aikande aliigeuza hadithi ile kuwa mzaha, na kila sherehe aliuliza kwa sauti, leo tumeletewa Aikande yupi. Watu walicheka. Aikande mwenyewe hakucheka hata mara moja, na mimi nikiwapo nilitazama chini. Niliamini Mungu amenisamehe siku ileile. Kwa Aikande sikuwa na hakika, na wala sikuwa na namba ya mstari ya kwenda kumuuliza.

Sasa nimestaafu na nalima mihogo Mbwawa. Vijana wa kanisa huniletea vyombo vipya vinavyoandika programu vyenyewe, na mimi huvistaajabia kwa dhati, halafu nawauliza kama wanawafahamu watu ambao majina yao yamo ndani. Wananivumilia.

Siku ofisi iliponiaga, msimamizi aliuliza kama kuna mwenye neno. Aikande alisimama kutoka nyuma, sasa mama wa watoto watatu.

"Mimi ni Aikande wa Mbwawa," alisema. "Yule aliyeolewa mara mbili, mara ya kwanza na kompyuta ya dada Tumsifu. Bora huyu wa pili, angalau analeta mboga nyumbani."

Ukumbi ukaangua kicheko, na katikati ya kicheko chao nikamsikia yeye naye akicheka. Nikafunika uso kwa kitenge nikalia mbele ya watu wote.