Muziki wa Nyuma ya Mlango

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mlango wa Ukumbi Namba Mbili wa jumba la sinema unafunguliwa na mfagiaji anaingia bila ufagio. Ana miaka hamsini na minne. Kumi na saba kati ya hiyo ameitumia kufagia hapa. Leo, kwa mara ya kwanza, anaketi: safu ya saba, katikati.

"Profesa, tiketi iko wapi?" mkata tiketi anamuuliza kutoka mlangoni.

"Kata kwenye zile bisi nilizozoa chini ya viti. Gunia zima."

Uprofesa huo hakuupata shuleni; aliishia darasa la saba. Ameupata kwenye korido. Kati ya onyesho moja na jingine ana dakika kumi na tano za kusafisha viti mia mbili na kumi na viwili. Akiingia mapema, watazamaji wanamzomea. Akichelewa, meneja anafoka. Saa hana, kwa hiyo husimama nje, sikio kwenye mlango ulioshonewa sponji, akiufuata muziki.

"Tarumbeta zikiingia zote kwa pamoja, adui ameshindwa, nina dakika nne," anaeleza. "Besi zikibaki peke yake, kuna mtu anakufa. Hapo naweka ndoo chini, maana hawa wa sinema hawana haraka ya kufa."

Hivyo ndivyo alivyoupenda muziki wa okestra: kwa filamu ambazo nyingi hajaziona.

Miaka tisa iliyopita ilikuja filamu ya mtunza mnara wa taa. Ilionyeshwa siku kumi na moja. Dakika kumi hivi kabla ya mwisho ulipigwa muziki wa kama dakika tatu.

"Ulikuwa unashuka, kama mtu kwenye ngazi," anasema. "Polepole. Ukifika chini unasita, kama umesahau ulichofuata, halafu unashuka tena."

Watu humuuliza ni msiba gani uliompata siku hizo.

"Hakuna aliyekufa. Nyumbani wote walikuwa wazima. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, basi."

Mwezi uliofuata alinunua albamu ya muziki wa filamu ile, sidii moja, vipande kumi na sita, dakika arobaini na nane. Muziki wake hakuusikia humo. Kesho yake aliirudisha dukani, akidai ni mbovu, imekatwa.

Muuzaji alimweleza kwamba filamu ina muziki wa karibu saa mbili, na albamu hubeba kile ambacho kampuni imechagua.

"Kwa hiyo wangu wameuacha?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Alirudi nayo nyumbani. Tangu siku hiyo amekusanya albamu sitini na tatu, akitumaini kwamba mtunzi wa muziki huo, au mwingine, ameutumia tena. "Mama hasikilizi, anapekua," anasema binti yake, ambaye ndiye aliyegundua kwamba kampuni imetoa toleo kamili la muziki wa filamu ile: sidii mbili, vipande arobaini na kimoja. Aliliagiza. Lilichukua wiki tano kufika. Meneja ameruhusu lipigwe kwa spika za ukumbi kabla ya onyesho la kwanza.

Fundi wa mitambo anabonyeza. Mfagiaji anasikiliza mikono ikiwa mapajani. Mara mbili anainua kichwa, mara mbili anakishusha. Saa sita kasoro dakika tatu, sidii ya pili inakwisha.

"Haupo," anasema.

Fundi anashuka kutoka chumba cha mitambo. "Mama, hebu subiri. Siku ile uliusikia umekaa wapi?"

"Nikae wapi, mwanangu? Nilikuwa koridoni."

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa."

Fundi anamtazama kidogo. "Basi toka."

Anatoka. Mlango unafungwa. Fundi anarudia kuanzia kipande cha thelathini na tatu, karibu na mwisho. Koridoni fidla hazifiki, sponji inazimeza. Kinachopita ni sauti nzito za selo na besi tu. Kwenye kipande cha thelathini na saba, sauti hizo zinaanza kushuka, zinasita, zinashuka tena. Mfagiaji anauegemea mlango kwa kiganja.

Unapokwisha, fundi anamletea kijitabu cha albamu. Kipande hicho, kimeandikwa humo, kilikuwemo pia kwenye toleo la kwanza, namba sita.

"Namba sita," anarudia. "Huo huwa nauruka. Una makelele ya fidla."

Mkata tiketi anaanza kucheka, anaacha.

"Leo nyumbani binti atakaa sebuleni na redio yake," anasema mfagiaji, "mimi nitakaa jikoni, tufunge mlango."

Saa sita na dakika ishirini na tano, fundi anaurudisha mwanzo. Mkata tiketi anamshikia mlango wazi ili aingie. Mfagiaji anautoa mkono wa mkata tiketi kwenye kitasa, anaufunga mlango, na kubaki nje.